Jinsi ya kupima dili la kampuni kubwa ukiwa na startapu ya afya

Imeili inaingia asubuhi, imetoka kwa mkuu wa ubunifu wa kampuni ya bima au ya dawa ambayo jina lake kila mtu analijua, anasema ameona kazi yenu na angependa mkae muone mnaweza kufanya nini pamoja. Najua kinachofuata. Mtu anapiga skrinshoti anatupia kwenye grupu, mwanzilishi mwenza ameshaanza kuhesabu wagonjwa milioni ngapi, wawekezaji wanaambiwa kabla hata hamjajibu. Na mimi nilifanya hivyo hivyo. Tukapigwa danadana na kampuni moja ya bima miezi kumi na moja, vikao havihesabiki, na tulipokuja kushtuka hatujalipwa hata senti na nusu ya hela iliyokuwa benki imeshayeyuka. Na wala hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wazuri mno, ndo shida yenyewe, maana mtu mbaya si unamkimbia mapema.

Kwa hiyo nawaandikia ninavyopima hizi dili sasa hivi. Sio sheria, ila ningeambiwa haya wakati ule ningelala vizuri zaidi.

Anza na miezi yako, sio na jina lao

Chukua hela iliyopo benki gawanya kwa mnachotumia kwa mwezi. Hiyo namba iandike juu kabisa ya karatasi. Halafu chini yake andika kila hatua ambayo hela ya kwanza lazima ipitie kabla ya kuwafikia, na hapa usijidanganye: mkataba wa usiri, fomu ya usalama wa data (ya kwetu ilikuwa ekseli yenye mistari zaidi ya 200, kuna sehemu wanauliza mlango wa chumba cha seva unafungwa na nini, sisi hatuna hata seva tunakodi klaudi), wanasheria wao, idara ya manunuzi, kusajiliwa kwenye mfumo wao kama mtoa huduma, na kama wagonjwa wanahusika kwenye utafiti basi kuna kamati ya maadili nayo inakaa kwa ratiba yake, halafu kuunganisha na mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ambao mara nyingi umejengwa na mtu mwingine kabisa na huyo naye ana foleni yake, halafu ndo pailoti (yaani majaribio madogo ya bidhaa yenu), halafu tathmini, halafu "tusubiri bajeti ya mwaka ujao", halafu invoisi inayolipwa baada ya siku 60 au 90.

Weka wiki kwenye kila hatua, jumlisha, kisha ongeza nusu yake tena. Ikitoka miezi 12 na nyie mna 14, basi mnacheza na moto. Kipimo changu ni hiki: kama hela ya kwanza haiwezi kuingia kabla nusu ya miezi yenu haijaisha, basi pailoti lazima ilipiwe, na ilipiwe kipande mapema siku ya kusaini. Wakisema hawana utaratibu wa kulipia pailoti, waulize wanailipaje kampuni ya ushauri inayowaandalia slaidi. Hela ipo, ila ipo kwenye mfuko mwingine na huyo unayeongea naye hana ufunguo wake.

Ambalo linanileta kwenye jambo lililotuumiza sisi.

Nani hasa mwenye bajeti?

Kampuni kubwa sio mtu mmoja. Kitengo cha ubunifu kazi yake ni kukutana na watu kama nyie, wanapimwa kwa idadi ya pailoti walizoanzisha, sio kwa idadi ya zilizokua zikawa biashara. Wana hamasa, wanajibu imeili usiku, wanakuita kwenye jukwaa uongee. Lakini anayelipa ni mkuu wa kitengo cha madai, au wa mauzo ya dawa, au wa hospitali, na huyo ana malengo yake ya robo mwaka ambayo hayawahusu nyie hata kidogo.

Mtu wetu wa ndani alikuwa dada mmoja makini kweli, anatupigania kila kikao. Mwezi wa nane wa mazungumzo akahamishiwa kitengo kingine. Aliyekuja kushika nafasi yake kwenye kikao cha kwanza akafungua laptopu, akatuangalia, akasema, "Samahani, hebu nikumbusheni, nyie mnafanya nini?" Nilimwangalia mwenzangu, naye kaniangalia, tukaanza slaidi ya kwanza upya. Ile ndo siku dili lilikufa, ila tulilibeba miezi mitatu mingine tukidhani bado linapumua.

Sasa hivi kabla ya kikao cha tatu nauliza bila aibu: hii ikifanikiwa, inalipwa kutoka bajeti ya nani? Huyo tunaweza kumwona? Bajeti ya mwaka imeshafungwa au bado? Ukihama leo, nani mwingine humu ndani atahangaika nasi? Mtu wa ubunifu mkweli hatakasirika, atakuambia ukweli au ataenda kuutafuta. Anayekasirika ameshakujibu.

Na waombe majina ya startapu tatu walizowahi kufanya nazo pailoti. Watakupa zile zilizopona. Tafuta ya nne mwenyewe, ile ambayo hawakuitaja, mpigie mwanzilishi wake. Dakika ishirini za simu hiyo zina thamani kuliko nyaraka zote watakazokutumia.

Upande wao nao usiwaone wasumbufu bure. Zile fomu ndefu na kuchimbuliwa ushahidi kuna sababu. Walgreens, maduka makubwa ya dawa ya Marekani, waliingia ubia na Theranos, startapu ya kupima damu, mwaka 2013, vituo vikafunguliwa kwenye maduka yao 40, vingi vyake Arizona, mwaka 2016 wakavunja na kwenda mahakamani, maana mashine ambayo Theranos waliisifia haikufanya ilichodaiwa kufanya. Baada ya hapo mkurugenzi yeyote wa kampuni kubwa anayekutana na startapu ya afya yenye maneno matamu anaogopa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Kwa hiyo andaa folda moja mapema: matokeo ya kitabibu hata kama ni madogo, vyeti mlivyonavyo, jinsi data inavyohifadhiwa, nani daktari anayesimamia. Ukiwa nayo tayari unaokoa wiki, na wanaanza kukuheshimu.

Wanachokuletea ni kitu ambacho huwezi kukipata peke yako?

Hili ndo swali zito na watu wengi wanaliruka kwa sababu jibu linaonekana la wazi, eti wao wana wateja sisi hatuna. Subiri kwanza. Kuwa na wateja na kuwa tayari kukuuzia kwa wateja wao ni vitu viwili.

Mfano ninaoupenda ni wa zamani. Genentech, startapu ya teknolojia ya jeni, ilianzishwa 1976, na 1978 ikaweza kutengeneza insulini ya binadamu kwa kutumia bakteria. Haikuwa na kiwanda cha maana wala watu wa kuuza. Kampuni ya dawa Eli Lilly walikuwa na vyote na walikuwa wameshatawala soko la insulini. Wakakubaliana, Lilly wakatengeneza na kuuza, Genentech wakawa wanakula mrabaha, na Humulin ikaidhinishwa Marekani 1982. Lakini angalia walichofanya baadaye: homoni ya ukuaji hawakuigawa hivyo, waliipeleka sokoni wenyewe, ikaidhinishwa 1985. Soko lake lilikuwa dogo, madaktari wachache, timu ndogo ya mauzo ingeweza. Yaani waligawa kile ambacho wasingekiweza, wakabaki na kile walichokiweza. Na hata hivyo walikuja kugombana na Lilly mahakamani, sasa fikiria wewe ambaye hujasoma mkataba vizuri.

Upande wa pili kuna Pear Therapeutics. Apu yao ya kusaidia watu wenye uraibu, reSET, ilipata kibali cha FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, 2017, wakaingia ubia na kampuni ya dawa Sandoz ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Novartis ili wasaidiwe kuiuza. Kwenye karatasi ilikuwa safi kabisa. 2019 wakaachana, Pear wakabeba mauzo wenyewe, na 2023 wakafilisika. Sisemi Sandoz ndo waliwaua, kulikuwa na tatizo kubwa la bima kutotaka kulipia apu kama dawa. Ila ninachokiona mimi ni kwamba mtu aliyezoea kuuza vidonge ana begi lenye bidhaa nyingi, na akiingia kwa daktari ana dakika chache, atatoa kwanza kile anachokijua na kinachompa kamisheni. Apu yako itakuwa chini kabisa ya begi. Kwa hiyo usiulize "mna wauzaji wangapi", uliza muuzaji wenu akiuza yetu anapata nini yeye binafsi, na nani atamfundisha, na kwa muda gani.

Wengine nao wanaanza kidogo kidogo na inawalipa. BioNTech na Pfizer, waliotoa chanjo ya korona pamoja, hawakukutana kwenye korona. Walikuwa wameshaanza kazi ya chanjo ya mafua tangu 2018, kwa hiyo 2020 ilipofika watu walikuwa wanajuana, wanajua nani anaamua nini. Pfizer wakaweka dola milioni 185 mwanzoni, karibu milioni 113 kati ya hizo zikiwa ni kununua hisa, na faida wakagawana nusu kwa nusu. Nadhani bila ile kazi ya mafua mazungumzo yale yangechukua muda mrefu zaidi. Ndo maana mimi kampuni ikiniletea dili kubwa la miaka mitano siku ya kwanza nashtuka kuliko kufurahi, naomba kazi ndogo yenye mwisho unaoonekana, wiki 12 hivi, hospitali moja au kundi moja la wagonjwa, na namba moja tu ya kupima ambayo tumeandika kabla ya kuanza. Na tuandike pia: namba hii ikifikiwa, ndani ya siku 30 tunasaini mkataba kamili kwa bei hii. Bila huo mstari pailoti inazaa pailoti nyingine.

Kifungu cha upekee (kinachokuzuia kufanya kazi na washindani wao), kisome kwa sauti

Nakuwekea kifungu kama kile tulicholetewa sisi, nimebadilisha maneno kidogo:

"Mtoa huduma hatatoa huduma inayofanana kwa mshindani yeyote wa Kampuni au wa washirika wake, katika eneo lolote ambalo Kampuni inafanya shughuli, kwa kipindi cha mkataba na miezi 24 baada ya kuisha kwake."

Sentensi moja tu. Ichambue. "Inayofanana" ni kwa macho ya nani? "Mshindani yeyote" ni nani na nani, mbona hakuna majina? "Washirika wake" ndo neno baya kuliko yote, maana kampuni kubwa ina matawi na kampuni dada ambazo hata wao wenyewe hawazikumbuki, na kila mojawapo ina washindani wake. "Eneo lolote" kwa kampuni ya kimataifa ni dunia. Halafu miezi 24 baada ya wao kukuacha bado umefungwa mikono. Na hii ilikuwa kwenye mkataba wa pailoti ya BURE.

Sikuambii ukatae upekee moja kwa moja, wakati mwingine wana haki kuutaka, wanakufundisha soko lao. Ila ulipiwe na ubanwe: ugonjwa mmoja, aina moja ya mteja, washindani watano kwa majina, miezi 6 hadi 12, na kima cha chini cha malipo kila robo mwaka. Wasipofikisha kima hicho upekee unaanguka wenyewe bila barua wala kikao. Hiki kipengele cha mwisho ndo ninachopigania kuliko bei. Ukiwaona wanakibishia sana, ujue wenyewe hawaamini watauza.

Na usiwe na mshirika mmoja tu wa kutegemea. Proteus walitengeneza kidonge chenye kihisi kidogo kinachoonyesha mgonjwa kameza dawa au hajameza, wakashirikiana na Otsuka, kampuni ya dawa ya Japani, FDA ikakubali 2017, kampuni ikawa imethaminiwa zaidi ya dola bilioni moja. Juni 2020 wakaomba ulinzi wa kufilisika. Aliyenunua mali zao? Otsuka, kwa dola milioni 15. Mshirika wako mkubwa ndo mtu anayejua vizuri kuliko wote thamani yako siku maji yakikufika shingoni.

Data ya wagonjwa na siri zenu

Hapa afya inatofautiana na biashara nyingine, kuna kampuni zinakuja kwenu zikitaka data tu, bidhaa yenu ni kisingizio. Kabla ya kutuma hata faili moja, andikeni nani anaamua matumizi ya data na nani anaichakata kwa niaba yake, data itatumika kwa kazi gani na kwa kazi gani hapana, itafutwa lini, na ile modeli ya akili bandia iliyofundishwa kwa data yao mkiachana inabaki kwa nani. Hilo la modeli lina ugomvi mwingi na mikataba ya zamani haina hata neno moja kulihusu. Ukifanya kazi Marekani kuna mkataba maalumu unaotakiwa na HIPAA, sheria ya faragha ya taarifa za afya, kabla hujagusa kumbukumbu za wagonjwa kwa niaba ya hospitali au bima, Ulaya GDPR, sheria yao ya ulinzi wa data, imeweka data za afya kwenye kundi lenye ulinzi wa ziada. Na usiambiwe "tumeondoa majina" ukaridhika, tarehe ya kuzaliwa, eneo na ugonjwa adimu vikikaa pamoja mtu anajulikana.

DeepMind, kampuni ya akili bandia ya Google, walipokea kumbukumbu za wagonjwa karibu milioni 1.6 kutoka hospitali za Royal Free, London, kwa ajili ya kujaribu apu ya kugundua matatizo ya figo. Nia ilikuwa njema. 2017 msimamizi wa ulinzi wa data wa Uingereza akasema hospitali haikufuata sheria, wagonjwa hawakuelezwa vya kutosha. Kisheria lawama ilikwenda kwa hospitali, lakini kila gazeti liliandika jina la nani kwenye kichwa cha habari? Sasa DeepMind walikuwa na Google nyuma yao. Nyie mna nani?

Siri za kiufundi nazo hivyo hivyo. Onyesha matokeo, usionyeshe mapishi. Masimo, kampuni ya vifaa vya tiba, wanadai waliongea na Apple 2013 kuhusu kupima oksijeni kwenye damu, kisha Apple ikachukua watu wao na teknolojia yao, Apple wanakana. 2023 Tume ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani ikaona kuna ukiukaji wa hataza, na Apple ikalazimika kusitisha kwa muda kuuza baadhi ya saa zake Marekani. Lakini ona hiyo miaka, 2013 hadi 2023, na Masimo ni kampuni yenye hela ya mawakili wa miaka yote hiyo. Startapu yenye watu tisa inakufa kabla jalada halijafunguliwa. Kwa hiyo kikao cha kwanza na cha pili hakuna msimbo, hakuna mchoro wa mfumo, na mhandisi wenu mkuu asiende peke yake kwa "kikao cha kiufundi tu", maana wahandisi wanapenda kueleza, na wanaelezea kila kitu.

Wakitaka hisa

Kwa kifupi: inaweza kuwa nzuri. Kampuni ya dawa Roche waliingia kama mwekezaji kwenye Flatiron Health, startapu ya data za saratani, 2016, wakaja kuinunua yote 2018 kwa dola bilioni 1.9, sidhani waanzilishi wanalalamika. Tatizo ni kale kahaki kanakochomekwa humo, kwamba mkitaka kuuza kampuni lazima wao wapewe nafasi ya kwanza ya kulinganisha bei. Mnunuzi mwingine akisikia hivyo hapotezi muda wake kuwachunguza, anajua anawapigia hesabu wenzake. Toa haki ya kujulishwa, siku 10, basi. Na mtu wao kwenye bodi awe mwangalizi asiye na kura, atoke nje mnapojadili washindani wake.

Ukiamua hapana, au bado

Usikae kimya. Kampuni kubwa watu wanahama lakini wanabaki kwenye sekta hiyo hiyo, yule dada wetu sasa hivi yuko kampuni nyingine na ni mteja wetu, analipa kwa wakati. Tulimwandikia hivi siku tulipoacha, unaweza kuichukua ukabadilisha:

"Habari dada. Tumekaa na timu tumeona kwa sasa hatuwezi kuendelea na pailoti bila malipo, tukifanya hivyo tutawahudumia vibaya. Tukipata mwenye bajeti upande wenu na wiki 12 zenye kipimo kimoja, tuko tayari kuanza ndani ya siku 14. Data yote mliyotupa tumeifuta leo, uthibitisho nimeuambatanisha. Asante kwa kutupigania."

Alijibu baada ya dakika nne: "Ningekuwa nyie ningeacha mwezi wa tano."